Matanga ya Mama Mkwe

Mpira wa pampu uliziba tena asubuhi ile, na Daktari Tusekile akalazimika kuingia zizini kwa magoti, kama alivyofanya jana na juzi, ili auzibue kwa mkono. Ukungu wa Ntulwe ulikuwa umeshuka mpaka kwenye bati. Magoti yalimuuma, mgongo ulimuuma, na siku nyingi sasa hakuwa na mtu wa kumlalamikia isipokuwa mgonjwa wake, ambaye alikuwa na urefu wa lori la mizigo na hali mbaya kuliko yake.

"Shikamoo, Mama Mkwe," akasema. Hakuna mfanyakazi wa kituo kile aliyeingia zizini bila kumwamkia.

Joka hakufumbua jicho. Ubavu wake ulipanda, ukatulia, ukashuka. Mpira ulipita pembeni mwa mdomo ukateremka hadi tumboni, na ncha yake ya pili ilifungwa kwenye pampu iliyovuta ute wa tumbo lake kidogo kidogo, mchana kutwa, na kuujaza kwenye madumu. Ute ule ulikuwa wa kijani na ulinuka kama yai viza. Ndio uliowasha taa za jiji zima kule bondeni. Watu wa jiji hawakujua, na pengine wangejua wangekosa usingizi.

Nje ya zizi, Mzee Ambakisye, fundi mkuu wa mabomba, alikuwa ameinama na kulaza sikio juu ya bomba kubwa linaloshuka bondeni. Ndivyo mafundi wa mvuke wanavyoanza siku. Husikiliza kama wala-ukoko, yaani majoka wachanga, wamo kazini, kwa maana meno yao yakikwaruza ndani ya chuma husikika mbali. Tusekile alimtazama kupitia nyufa za mbao. Mzee akasikiliza, akahamia bomba la pili, akasikiliza, kisha akatikisa kichwa na kwenda zake. Asubuhi zote za mwezi ule alikuwa ametikisa kichwa.

Joka mla-mawe hatemi moto. Hizo ni hadithi za watu ambao hawajawahi kufagia kinyesi cha joka. Hutoa mvuke tu, tena kwa adabu, akishakunywa maji. Makao yake ni nyufa za moto chini ya mlima, na chakula chake ni ukoko, lile gamba jeupe ambalo maji ya moto huliacha kwenye mwamba yanapopoa, kama ukoko wa wali unavyoshika sufuria. Zile ngozi mbili za ubavuni ambazo wageni huziita mbawa ni za kupunguza joto. Akitoka ufani huzitandaza ukunguni kama mtu anayeanika shuka. Mabwawa ya umeme yalipokauka na kusini yote ikageukia mvuke wa milima, mabomba yaliziba kwa ukoko kabla vigelegele vya uzinduzi havijapoa. Dawa za viwandani zilishindwa. Roboti ziliiva humo ndani kama viazi. Ndipo ilipoonekana kwamba majoka wachanga, ambao hawazidi kenge kwa ukubwa, walikuwa wamejipenyeza mabombani bila kualikwa, wakala ukoko njia nzima mpaka wakatokea upande wa pili wameshiba. Tangu hapo wakaitwa wafanyakazi. Wakajengewa ua, na wakubwa wao wakapewa zizi na majina.

Mama Mkwe alipewa jina lake kwa sababu kila mtu alimpisha njia na hakuna aliyethubutu kula mbele yake. Ulikuwa utani. Lakini utani wa namna hiyo una gharama zake: ukishamwita kiumbe mkweo, huwezi tena kumtendea kama mnyama.

Sasa alikuwa mkubwa wa mwisho kituoni, na wachanga walikuwa wakifa. Walikula ukoko vizuri tu; shida ni kwamba haukusagika. Tusekile aliwapasua waliokufa, mmoja baada ya mwingine, akakuta matumbo yamejaa kokoto zile zile walizomeza. Joka hasagi mawe kwa nguvu zake. Ana vijidudu tumboni vinavyoyageuza kuwa chakula, na hazaliwi navyo. Huvipata kwa wakubwa, ila namna anavyovipata ndiyo iliyomshinda Tusekile. Hawanyonyeshi. Alichunguza mayai, akachunguza kinyesi, akachunguza mate, akazeeka. Alijua kwamba ute wa tumbo la Mama Mkwe, wachanga wakinyweshwa kwa kijiko, uliwapa nguvu ya siku chache kisha wakarudi kule kule. Kwa hiyo pampu iliwekwa. Kwa hiyo joka ambaye angekufa kabla ya masika alikuwa bado anapumua na mvua zimeshakwisha.

Aliuchomoa mpira, akauzibua, akaurudisha. Mama Mkwe akatetemeka mwili mzima, kuanzia shingoni.

"Najua," Tusekile akamwambia. "Nisamehe. Najua."

Alikuwa anatoka kinyumenyume alipoona kinyesi kwenye kona. Kilikuwa kidogo, cha joka mchanga, na alikichota kwa kijiti bila hamu, akitarajia kokoto. Kikamwagika kiganjani laini kama unga wa ulezi. Akakaa chini pale pale kwenye tope. Kinyesi cha namna ile hakuwa amekiona kwa miaka, na hakikuweza kuwa cha mwingine isipokuwa Mtoro, mdogo kuliko wote, yule aliyekonda mpaka akaweza kupenya kati ya mbao za zizi.

Wiki iliyopita alimfuma Mtoro humo ndani akiung'ata mkia wa Mama Mkwe. Ncha ya mkia ilikuwa imeshakufa ganzi, nyeusi, na kitoto kile kilinyofoa nyama kikameza. Tusekile alichukua ufagio kukifukuza, akiona haya kwa niaba yake, kama mtu aliyemkuta mtoto akiiba kwenye nyumba ya msiba. Alichokumbuka sasa ni kile alichokiona na kukipuuza. Mama Mkwe alifumbua jicho. Hakuuvuta mkia. Aliuburuta polepole kwenye matope, kwa jitihada iliyomtoa mvuke puani, akausogeza karibu zaidi na mdomo wa yule mtoto.

Siku ile Tusekile alidhani ni maumivu ya mgonjwa anayejaribu kujigeuza. Sasa aliutazama mkia, akamtazama mwenye mkia, na uchovu wote wa miaka ile ukamshukia mara moja. Vijidudu havikuwa vikiishi kwenye ute. Vilipita tu humo. Vilikuwa vikiishi kwenye nyama.

*

Meneja Ipyana alikuwa amesinzia ofisini na viatu miguuni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu ambaye kila saa simu kutoka jijini ilimuuliza kuhusu mvuke wa hospitali, na kila saa aliahidi kitu ambacho hakuwa nacho.

Tusekile alimweleza akiwa amesimama, maana alijua akikaa hatainuka. Wachanga wanapaswa kumla mkubwa wao akifa. Si kumlamba wala kunyweshwa ute wake: kumla, tumbo na yote. Ndivyo walivyofanya tangu mlima ulipokuwa mlima, mpaka watu walipokuja. Pampu haiwaokoi. Inachelewesha tu kifo cha mmoja na kuharakisha vya wengine, na kadiri Mama Mkwe anavyodhoofika ndivyo vijidudu vinavyomtoka. Ikipita wiki nyingine hatakuwa na cha kuwarithisha.

Ipyana alifikicha macho. Akauliza itakuwaje kama amekosea. Tusekile akajibu kwamba akiwa amekosea watakuwa wamempoteza Mama Mkwe, ute, wachanga na mvuke kwa siku moja, badala ya kuvipoteza polepole.

"Ushahidi wako ni kinyesi," Ipyana akasema.

"Kinyesi na mkia."

Meneja akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeishiwa. Tusekile akajua wamefika pale ambapo yeye mwenyewe alikuwa akipaogopa tangu atoke zizini. Ipyana akauliza kwa sauti ya chini, "Na Mzee Ambakisye utamwambiaje?"

Kwa maana makaburi yalikuwa pale nyuma ya karakana, yamepandwa maua, na kila mtu wa Ntulwe aliyajua. La kwanza lilikuwa la mume wa Mama Mkwe. Mwaka ule bomba lilipopasuka, Ambakisye alinaswa chini ya chuma, na mvuke ukimjia. Joka yule mkubwa alilala juu ya ufa kwa mwili wake mpaka watu wakamtoa mwenzao. Akafa hapo hapo, ngozi yote imebambuka. Ambakisye, kichwa kimefungwa bandeji, alisema kwamba aliyekufa kwa ajili yake hataachwa juu ya ardhi kama mzoga wa mbwa. Wakamchimbia. Wakamfunika vitenge, ngoma zikapigwa, wanawake wakalia na kucheza kama msiba wa chifu, ndizi zikapikwa masufuria kwa masufuria. Ilikuwa heshima ya kweli. Tusekile alikuwepo, alitupa udongo, alilia. Baada ya hapo kila mkubwa aliyekufa alizikwa vivyo hivyo, na vituo vingine vya kusini viliposikia vikaona aibu, navyo vikaanza kuzika. Na juzi juzi tu Ambakisye alikuwa amemshika Tusekile mkono na kumwomba amwahidi kwamba Mama Mkwe atalala kando ya mumewe. Alimwahidi. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa.

"Mimi ni mtu wa mabomba," Ipyana akasema, akijinyoosha kwenye kiti. "Mambo ya misiba simo. Sikukatazi, Daktari. Wala sikukutuma."

Hilo ndilo alilopata, na alilichukua.

*

Alizima pampu mwenyewe. Ule mngurumo wake ulipokoma, zizi likawa kimya mpaka akasikia matone ya ukungu yakidondoka toka kwenye bati. Aliuvuta mpira taratibu, pima kwa pima, akiuzungushia mkononi, mpaka ukatoka wote. Kisha akafungua lango la zizi, na baadaye lile la ua linaloelekea mlimani, ambalo kutu ilikuwa imelishika na ilibidi alipige kwa jiwe.

Alitegemea kusubiri. Hakusubiri. Mama Mkwe alinyanyua kichwa, akanusa hewa ya nje, na mwili ule ambao kwa miezi haukuweza kujigeuza ukasimama kwa miguu minne, ukiyumba. Akapita mlangoni bila kumtazama. Akaanza kupanda.

Alipanda vibaya. Alianguka, akapumzika, akapanda tena, na Tusekile akapanda nyuma yake, naye akipumzika palepale mwenzake alipopumzika, wazee wawili wanaotwetea kwenye njia moja. Ndipo aliposikia kwaruzo nyuma yake. Wachanga walikuwa wakitoka mabombani. Hakuna aliyewaita. Walitoka mmoja mmoja, mbavu zimewatokeza, wakijikokota kwa matumbo yaliyojaa mawe, Mtoro akiwa mbele yao, wakaifuata ile njia iliyoachwa na mkia kwenye majani.

Juu, ambako mvuke haufiki na baridi hukata masikio, palikuwa na sehemu tambarare, majani yake marefu. Mama Mkwe akazunguka mara moja, akalala, akazitandaza zile ngozi zake mbili ukunguni. Tusekile alikaa kando yake. Kiatu chake kilipokwama kwenye kitu, akakivuta, akaona ni ubavu. Akafunua majani. Chini yake palikuwa na mifupa, tabaka juu ya tabaka, mipya juu na ile iliyogeuka kuwa mawe chini, na kila mmoja ulikuwa na alama za meno madogo. Mlima wote pale juu ulikuwa meza. Alikuwa amefanya kazi chini yake miaka yote ile na hakuwahi kupanda, kwa sababu kazi yake ilikuwa zizini.

Hakushangilia. Alijisikia tu kama mtu aliyetafuta ufunguo nyumba nzima kumbe yuko nao mkononi, na nyumba imeshaungua.

Mama Mkwe alikufa kabla jua halijapasua ukungu. Alishusha pumzi moja ndefu, mvuke wake ukapanda na hakuvuta nyingine. Wachanga walikuwa wamekaa mbali kidogo, kwa duara. Hakuna aliyesogea.

Kisha zikaja sauti za watu.

*

Walikuja na vitenge na majembe, karibu kituo kizima, maana walikuta lango wazi na pampu imezimwa. Mzee Ambakisye alikuwa mbele na koti lake la misiba. Alipomwona Mama Mkwe alivua kofia. Kisha akawaona wachanga, na Tusekile aliyesimama kati yao na maiti, na uso wake ukabadilika.

"Umemtoa zizini akafie porini," akasema.

"Amepanda mwenyewe, Mzee."

"Uliniahidi."

"Nilikuahidi. Na sitatimiza." "Baba, hawa watoto wanakufa kwa sababu hatujawaachia wazazi wao. Wanapaswa kuwala. Wanarithi tumbo kwa njia hiyo, hawana nyingine. Tazama unachokikanyaga."

Ambakisye alitazama. Akainama, akaokota mfupa, akaugeuza kwenye mwanga na kupapasa zile alama za meno kwa dole gumba, taratibu, kama apapasavyo mikato ya hesi kwenye ncha ya bomba. Watu nyuma yake walianza kunong'ona. Mwanamke mmoja akasema kwa sauti kwamba hata fisi huwa na haya kidogo, na mwingine akamnyamazisha. Tusekile alingoja. Alikuwa ameandaa maelezo kuhusu vijidudu na tumbo, lakini yote aliyaona mepesi mno mbele ya mtu mwenye jembe mkononi na kaburi lililochimbwa.

"Yule aliyenifunika," Ambakisye akasema hatimaye. "Mume wa huyu. Naye?"

Angeweza kumdanganya. Aliliona neno la uongo likiwa tayari, la huruma kabisa, na mzee wa umri ule angelala nalo vizuri mpaka siku zake zimwishie. Lakini vituo vingine vilikuwa bado vinazika, na aliyevifundisha kuzika ndiye pekee ambaye vingemsikiliza.

"Naye," akasema. "Yeye ndiye wa kwanza. Watoto wa mwaka ule ndio walioanza kukonda."

Mzee akaurudisha mfupa mahali pake, akaufunika kwa majani. Alichukua muda mrefu kunyooka.

"Kwa hiyo alilala juu ya mvuke ili mimi nipone," akasema. "Mimi nikashukuru kwa kuwanyima wanawe chakula chao. Tena nikawapigia ngoma."

Tusekile alitaka kumwambia kwamba haikuwa kosa, kwamba hakuna aliyejua, lakini alikuwa amechoka mno kusema jambo ambalo wote wawili walijua halisaidii. Alilia tu, bila kujificha, na mzee akamwacha alie.

Wachanga walikuwa bado kwenye duara lao. Mtoro alisogea hatua moja, akawatazama watu, akarudi nyuma. Ndipo Ambakisye alipoelewa kabla ya Daktari. Wale watoto walikuwa wamekua wakifukuzwa kwa mafagio; wasingekula mbele ya macho ya watu.

Akawageukia watu wake. "Huyu ni mkwe," akasema. "Mkwe hatazamwi akivuliwa nguo. Geukeni."

Mafundi wakageuka, na wanawake wakageuka, wakatandika chini vile vitenge vilivyoletwa kumfunikia maiti, wakakaa wote wakiuelekezea mlima mgongo na nyuso zao zikitazama bondeni. Tusekile alikaa kati yao. Halafu nyuma yao kikasikika kitu kikichanika, na mwanamke yule aliyetaja fisi akaanza kuimba, sauti ya chini, wimbo ule ule wa siku zote za kuzika, na wengine wakaupokea wakaubeba ili zile sauti nyingine zisisikike. Waliimba mpaka jua likaanza kuelekea upande wa pili. Mara moja tu mzee aliongea, tena si na watu. Alisema kwa Kinyakyusa, bila kugeuza kichwa, "Ndaga, Mama." Asante.

Waliposhuka, kaburi lilikuwa wazi kando ya lile la mumewe, na kila mtu aliona ugumu wa kulipita. Shimo lililochimbwa haliachwi tupu, litatafuta mtu. Ambakisye akaenda bustanini na panga, akarudi amebeba shina la mgomba begani, akalivika kitenge, akalilaza humo ndani. Wakafukia. Ngoma hazikupigwa.

Asubuhi iliyofuata Tusekile alichelewa kuamka kwa mara ya kwanza tangu alipoajiriwa. Alipotoka, ukungu ulikuwa palepale kwenye bati na zizi lilikuwa tupu. Mzee Ambakisye alikuwa ameinama kwenye bomba kubwa, sikio juu ya chuma, macho ameyafumba. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko kawaida. Tusekile alimkaribia, akaogopa kuuliza, akasimama tu na mikono yake mifukoni.

Mzee hakutikisa kichwa. Alijisogeza kidogo upande mmoja, akapangusa umande pale kwenye chuma kwa mkono wa koti, ili Tusekile naye apate mahali pa kuweka sikio.